Anza na Ngamia wa Mkweo

Lango la kwanza walifungiwa. La pili waliambiwa mwenye mifugo hayupo, na aliyewaambia alikuwa mwenye mifugo mwenyewe, kasimama na fimbo begani, ngamia wake wakicheua nyuma yake. Daktari wa mifugo alitabasamu kiustaarabu, akasema watapita siku nyingine. Mama Sindano hakutabasamu. Boksi la barafu lenye chupa za chanjo lilikuwa begani kwake tangu asubuhi, na mkanda wake ulikuwa umeshamchubua shingo.

Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa kampeni ilipoanza, watu wazima wakalidaka. Kabla ya hapo alikuwa amechanja kuku, mbuzi, mbwa na ng'ombe wa mji mzima, na hakuna aliyemtungia jina. Lakini ngamia lilikuwa jambo jingine. Chanjo hii haikuja kumlinda ngamia. Ngamia mwenye kirusi kile hutokwa na makamasi siku chache, basi, anaendelea na majani yake. Ilikuja kumlinda anayemkamua. Korona ya ngamia, ndivyo walivyoeleza kila walikokwenda, siyo ile iliyowafungia watu majumbani. Hii ni ndugu yake, haina mbio kama ile, ila ikimpata mtu ambaye mwili umeshachoka huingia kwenye mapafu ikakaa kama mpangaji asiyelipa wala kuhama. Mkamuaji mmoja wa mazizi ya karibu na machinjio alikuwa wodini, anapumulia mashine. Kila mtu alimjua. Hata hivyo malango yalifungwa, kwa sababu ngamia anayechanjwa ni ngamia anayeshukiwa, na maziwa ya ngamia anayeshukiwa nani atayanunua?

Lango la tatu halikufungwa. Mwenye zizi alikuwa mwanamke mnene, mwenye ngamia wengi kuliko wafugaji wote wa upande ule, na watu walimwita Tajiri, yeye akaitika. Akawatolea benchi. Akawaacha waeleze yote, mwanzo hadi mwisho, kuhusu pua na mapafu na sindano ya shingoni. Walipomaliza akamgeukia Mama Sindano.

"Nimeelewa vizuri. Sasa na mimi nikuulize, mwanangu. Ngamia wa mkweo umeshawachanja?"

Mama Sindano aliangalia viatu vyake.

"Nilidhani hivyo," Tajiri akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Anza na ngamia wa mkweo. Ukimaliza, lango langu unalijua."

Walipofika kwenye pikipiki daktari akamgeukia.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hukuniambia, dada."

"Hukuniuliza, daktari."

Daktari akavua kofia, akajifuta jasho la paji kwa kiganja. Alikuwa kijana kiumri, ila kampeni ilikuwa imemzeesha. "Kila lango watatuuliza hilo hilo. Zungumza naye. Ikishindikana itabidi nikurudishe stoo, nitembee na mtu mwingine. Siyo adhabu. Ni kwamba sitakuwa na la kujibu."

Mama Sindano alijua stoo ni wapi. Ni chumba kisicho na dirisha, cha kuhesabia mabomba ya sindano, na aliyewahi kupelekwa huko hakuna aliyemkumbuka tena.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba vilivyopangana mstari mmoja, ua mbele, na nyuma ya ua ukuta mfupi. Ng'ambo ya ukuta huo lilikuwa zizi. Mtu akikohoa zizini, jikoni wanasikia. Mama Sindano na mumewe walikuwa na chumba cha mwisho, karibu na zizi, na wakwe walikuwa na cha kwanza, karibu na barabara. Maziwa ndiyo yaliyowalisha wote. Mama mkwe alikamua, mume akapakia madumu kwenye bajaji na kuyasambaza migahawani na majumbani, na mzee ndiye aliyekuwa mwenye ngamia, kazi ambayo aliifanya akiwa ameketi.

Alimkuta mzee kwenye kiti chake cha plastiki ambacho mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya. Akamsalimia, akachuchumaa pembeni.

"Baba, nina neno."

"Neno lako nimeshalisikia sokoni," mzee akasema. "Nilisubiri tu uje nalo mwenyewe. Ngamia wangu wana nini?"

"Hawana kitu, baba."

"Wanakohoa?"

"Hawakohoi."

"Basi unataka kumtibu asiyeumwa."

"Siyo tiba. Ni kinga. Na siyo yao, ni ya mama. Mama ana sukari, na kidonda cha mguu hakijafunga. Ndiye anayewakamua. Ndama akipiga chafya, inampiga yeye usoni."

Mzee akazungumza bila kumtazama, kama anayeusemesha ukuta.

"Wewe ulikuwa hujaolewa hapa. Walikuja watu wa ofisi yenu hiyo hiyo, na chanjo ya ndui. Wamevaa makoti meupe. Nikauliza, wenye mimba je? Wakasema haina shida, mzee, ni salama kabisa. Majike wangu wakaharibu mimba, mmoja baada ya mwingine. Nikaenda ofisini. Wakanikalisha kwenye korido mpaka wafagiaji wakaja kufagia chini ya miguu yangu. Halafu akatoka mmoja akaniambia ni bahati mbaya. Akaniambia pole." Akainua kidole. "Pole haikamuliwi, mwanangu."

Mama Sindano angeweza kusema chanjo ile na hii ni vitu viwili, lakini hata mdomoni mwake maneno hayo yalikuwa na ladha ya korido.

*

Mumewe alikuwa uani anaosha madumu. Aliyasugua kwa brashi na maji ya moto, kichwa chake nusu kimeingia ndani ya dumu, hivyo sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Amekataa."

"Amekataa."

"Nilijua. Baba yangu akishasema hapana, hata yeye mwenyewe hawezi kuibadilisha." Akatoa kichwa. "Sikiliza. Keshokutwa anakwenda mnadani. Chanja. Akirudi atawakuta wanakula kama kawaida. Nani atamwambia?"

"Wewe mwanawe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi ni mwanawe, na huyu anayekamua ni mama yangu. Unataka niseme nini?" Akalitikisa dumu, maji machafu yakamrukia miguuni. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa mtu anayependwa na pande mbili zinazovutana. "Ukipelekwa stoo utakaa chumba hiki na baba chumba kile, mnaangaliana. Na mimi katikati, kama kamba."

Siku ya mnada mzee aliondoka mapema. Mama Sindano akafungua boksi, akavaa glovu na barakoa, akaingia zizini. Alianza na ndama, kwa sababu ndama ndio wanaosambaza zaidi. Mmoja akamjia mwenyewe, akamnusa mfuko. Akamshika taya, akavuta dawa kwenye bomba. Mkono ukamgomea. Katika miaka yote ya kuchanja hakuwahi kumchanja mnyama wa mtu kwa kumvizia mwenye mnyama, na sasa alikuwa anamvizia mtu aliyemuoza mwanawe kwake.

"Unangoja nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mwanya wa ukuta, sufuria la kukamulia mkononi. Hakuonekana kushangaa.

"Mama, nilikuwa..."

"Nimeona ulichotaka kufanya." Akaingia akichechemea, akamsogelea ndama, na kwa pindo la nguo yake akamfuta makamasi kama anavyofuta mtoto. Ndama akapiga chafya. Mama mkwe akajifuta uso kwa pindo lile lile. Mama Sindano alifumba macho.

"Ni hii?" mama mkwe akauliza. "Ndiyo hii mnayoisema?"

"Ndiyo hiyo, mama. Siyo lazima awe nayo. Lakini akiwa nayo, hivyo ndivyo inavyopita."

Mama mkwe akatafakari. "Yule wa machinjio nilikuwa nakutana naye kisimani. Mtu wa mzaha sana. Nasikia sasa anaongea kwa macho." Akaweka sufuria chini. "Unajua, umekwenda kwa mzee, umezungumza. Mumeo amezungumza. Daktari wako huko anazungumza. Wote mnazungumza juu ya mapafu yangu. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi."

Mama Sindano akashusha bomba. Aibu ilimshika taratibu, ikamjaa.

"Kweli, mama. Sikukuuliza."

"Rudisha dawa yako kwenye barafu. Hatutamvua mzee nguo mbele ya ngamia wake. Akirudi, nitasema naye."

Na alisema naye. Mzee alipokuwa anavua viatu mlangoni, mkewe akamwambia kwa sauti ile ile ya kumwambia chumvi imekwisha: "Baba watoto, kuanzia kesho sikamui. Nitakamua wakishachanjwa."

Mzee akatulia na kiatu mkononi. "Umetumwa na mkweo?"

"Nimetumwa na kifua changu."

*

Ndama hawakudhurika na mgomo huo, walinyonya mpaka midomo ikajaa povu. Waliodhurika ni wenye madumu. Asubuhi ya kwanza mzee aliingia zizini mwenyewe, akainua goti, akatua sufuria juu yake kama alivyomwona mkewe akifanya miaka yote. Jike akageuka akamtazama. Hakutoa hata tone. Mzee akabembeleza, akaimba kidogo, akatukana kidogo. Jike akasogea hatua moja mbele, sufuria likaanguka. Kutoka jikoni mama mkwe alisikia kishindo, akaendelea kuchambua mchele. Mama Sindano aliinama zaidi juu ya moto ili asionekane akicheka.

Siku iliyofuata mume alifanikiwa kukamua kiasi cha kujaza chupa ya chai. Wateja wakapiga simu. Mmoja akauliza kama ngamia wamekufa.

Ndipo mzee akavaa shati safi, akaenda kijiweni wanapokaa vibarua wa kukamua. Alirudi mapema kuliko walivyomtarajia, akaketi kwenye kiti chake, akaiacha chai ipoe. Mwanawe akamuuliza kama amepata mtu.

"Wamekataa."

"Wote?"

"Wote. Tangu yule wa machinjio alazwe wamekuwa na swali lao moja. Unafika, hujasalimia vizuri, wanakuuliza: wamechanjwa?" Akasukuma kikombe. "Kijana niliyemfundisha mimi kushika kamba. Ananiuliza hivyo mbele ya wenzake, amekunja mikono."

Hakuna aliyesema nimekwambia. Mama mkwe akamchukulia kikombe, akamwekea chai ya moto. Baadaye kidogo mzee akamwita Mama Sindano.

"Huyo daktari wako. Mwambie aje. Simwiti kuja kuchanja. Namwita nimuulize."

*

Daktari alikuja bila koti jeupe. Mama Sindano alikuwa amemwonya. Akapewa kigoda, na mzee akabaki kwenye kiti, hivyo daktari alilazimika kumtazama kwa kuinua uso.

"Nina jike mwenye mimba kubwa," mzee akasema. "Chanjo yako itamfanya nini?"

Daktari akafungua kinywa. Mama Sindano alilijua jibu linalokuja, alikuwa amelisikia kwenye kila lango: chanjo imefanyiwa utafiti wa kutosha. Akamtazama daktari. Hakumkonyeza wala hakutikisa kichwa, alimtazama tu, kama mtu anayemtazama mwenzake akikaribia shimo.

Daktari akafunga kinywa. Akaangalia mikono yake.

"Sijui, mzee," akasema.

"Hujui."

"Kwa hawa wengine najua. Imejaribiwa, watavimba kidogo shingoni, labda homa ya siku moja, basi. Wenye mimba kubwa waliojaribiwa ni wachache mno. Nikikwambia ni salama nitakuwa nabahatisha kwa mali yako."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Miaka yote hiyo," mzee akasema, "mnakuja hapa na majibu. Wewe ndiye wa kwanza kuja na sijui." Akajinyoosha, kiti kikalia. "Huyo mwenye mimba aachwe."

"Aachwe. Na mama asimkamue wala asimguse puani mpaka azae, kisha tutaona."

"Na wengine achanje huyu," mzee akasema, akimwonyesha mkwewe kwa kidevu. "Siyo wewe. Nikiwa na ugomvi na mkono wake, nitaukuta hapa hapa jioni."

Walichanja asubuhi iliyofuata. Mume alivuta kamba, ngamia wakapiga magoti wakilalamika, na Mama Sindano akapita kwa kila mmoja: dawa ya kupulizia puani, sindano shingoni, kisha mstari wa rangi ya buluu kuonyesha amepata. Mzee alisimama kando, akimwita kila ngamia kwa jina lake la siri, taratibu, kama anayewaombea radhi. Ilipofika zamu ya ndama mkorofi, mama mkwe alimshika masikio mwenyewe, safari hii na barakoa usoni, imemkaa upande.

"Jioni nitakamua," akasema, na mgomo ukaishia hapo, bila hotuba.

*

Mtu angedhani mambo yangenyooka. Mstari wa buluu ulionekana kutoka barabarani, na kabla ya wiki kwisha mtaa mzima ulijua kwamba ngamia wa mzee yule wana ugonjwa, ndiyo maana wamepakwa rangi. Mume alieleza mpaka koo likamkauka. Mwenye mgahawa mkubwa kuliko yote alimrudishia dumu mbele ya wateja, akiwa ameushika mpini wake kwa kipande cha gazeti.

"Siyo mimi, kaka," akasema. "Ni wateja. Wanaogopa dawa."

"Wiki iliyopita walikuwa wanaogopa ugonjwa."

"Sasa wanaogopa vyote viwili."

Alirudi nyumbani na madumu yakiwa yamejaa, akayapanga uani. Waligandisha walichoweza, wakagawia majirani waliokubali, na mengine yakaenda kwa mbwa. Mama Sindano alisubiri lawama kutoka chumba cha kwanza. Haikuja. Mzee alinunua majani kwa mkopo, akasema tu kwamba wateja ni kama mvua, humfuati mtu akuambie inaanza lini.

Tajiri alitimiza neno lake: lango likafunguliwa, ngamia wake wakachanjwa, na rangi ya buluu ilipoenea kwenye mazizi mengi ikaacha kuwa ajabu. Baadhi ya wateja wakarudi. Mwenye mgahawa alirudi na kuomba nusu ya kiasi cha zamani, kwa bei ya chini. Mume akakubali.

Halafu mama mkwe akaanza kukohoa.

*

Alikohoa siku mbili akisema ni vumbi. Siku ya tatu homa ikapanda, akashindwa kuinuka kwenda zizini. Mama Sindano alimpima joto mara mbili kwa kutoamini. Mzee alisimama mlangoni akiwatazama wakimvalisha, akauliza kama blanketi lile linatosha, akaletewa jingine, akauliza tena. Gari lilipoondoka alibaki kwenye lango, mkono mmoja juu ya komeo.

Hospitalini ukumbi ulikuwa umejaa. Walipata nafasi ya kubanana mwisho wa benchi, mama mkwe katikati, mwanawe upande huu na mkwewe upande ule. Muuguzi akapita akiuliza maswali kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, maana ndivyo ukumbi ulivyomfundisha.

"Homa tangu lini? Ana sukari? Mnafuga?"

"Tunafuga," Mama Sindano akasema chini.

"Mnafuga nini?"

Alisita. Mama mkwe akainua kichwa. "Ngamia," akasema, sauti imekwaruza lakini imefika. "Wamechanjwa. Aliyewachanja ni huyu hapa."

Mwanamke aliyebeba mtoto akainuka kwanza, akajifanya anaangalia tangazo ukutani. Kisha mzee mmoja. Kisha wengine wote, mmoja mmoja, bila kelele, mpaka benchi lote likabaki lao peke yao, na watu wamejipanga ukutani wakitazama kila mahali isipokuwa kwao. Mume aliinamisha uso.

Mama mkwe aliangalia benchi, upande huu na upande ule.

"Basi angalau nimepata pa kulala," akasema. Akajinyoosha, akaweka kichwa mapajani mwa mkwewe, na kwa kuwa alikuwa na homa akalala kweli. Mama Sindano hakuwahi kukishika kichwa kile. Kilikuwa chepesi. Aliweka mkono juu yake akauacha hapo, wakati simu ilipolia mfukoni.

Alikuwa mzee.

"Ngamia wote wamekula," akasema.

"Ahsante, baba. Mama amelala. Tunasubiri daktari."

"Sikuuliza." Kiti kikalia upande wa pili. "Yule mwenye mimba naye amekula."

"Nitamwambia, baba."

Walichukua damu, wakaingiza kijiti puani, wakampiga picha ya kifua, wakamweka chumba cha peke yake mpaka majibu yatoke. Yalitoka kesho yake mchana. Daktari wa zamu aliyasoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa. Siyo ile ya ngamia. Ni kichomi cha kawaida, pafu la kushoto, vidonge na kupumzika, na sukari iangaliwe. Akaondoka kabla hawajamaliza kushukuru.

Mume aliketi chini, mgongo ukutani, akavuta pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Kwa hiyo chanjo imefanya kazi," akasema.

Mama Sindano alitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na lingewafaa wote, yeye kuliko mwingine yeyote.

"Sijui," akasema. "Huenda imemkinga. Huenda zizini kwetu hakijawahi kuwepo kitu. Hatutajua."

"Tumefukuzwa na wateja kwa ajili ya huenda?"

"Ndiyo."

Akacheka, kicheko kidogo kisicho na nguvu. "Na yule wa machinjio?"

"Amefariki juzi. Sikutaka kuwaambia."

Simu ikalia tena. Safari hii, kabla Mama Sindano hajaitikia, mama mkwe alinyoosha mkono kutoka kitandani, akaichukua, akaibana sikioni.

"Nipo," akasema. "Hapana, siyo ule. Kifua tu." Akasikiliza kwa muda mrefu, na upande wa pili haukusikika ukisema chochote. Akavuta blanketi hadi kidevuni, akafumba macho, simu ikiwa bado sikioni. "Basi, baba watoto. Basi. Usilie na ngamia wanakuangalia."